Mgonjwa Haulizwi Uji? Lugha, Ridhaa na Sheria Katika Kurejesha Uhai wa Mgonjwa wa Dharura

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Methali hii humtaka anayeuguza asingoje kuombwa: ampikie mgonjwa, ampoze uji, amnyweshe. Katika chumba cha dharura hospitalini, methali hiyo hugeuka kuwa kanuni ya kazi. Mtu aliyegongwa na gari na kuletwa akiwa hana fahamu haulizwi kama anataka kuokolewa. Huokolewa kwanza, maswali yakafuata. Hata hivyo, yupo mgonjwa mwingine ambaye methali hii haimtoshi. Huyu ni mzee ambaye saratani imekwisha kuenea mwilini mwake, mwenye akili timamu, ambaye siku mbili kabla ya moyo wake kusimama angeweza kuulizwa naye akajibu. Je, huyu naye haulizwi?

Makala hii inachunguza maswali ya kimaadili na ya kisheria yanayozuka pale wahudumu wa afya nchini Kenya wanapoamua kurejesha, au kutorejesha, uhai wa mgonjwa. Hoja yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya maswali hayo ni ya lugha kabla ya kuwa ya sheria. Sheria hudai ridhaa, na ridhaa hutolewa kwa maneno. Maneno yakiahidi lisilowezekana, au yakificha linalotendeka, sahihi iliyotiwa kwenye fomu haiwi ridhaa bali wino mtupu. Kwa mintarafu hiyo, suala hili linawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili kama linavyowahusu madaktari na mawakili.

2.0 Tendo Lenyewe na Chimbuko la Mzozo

Ni muhimu kulieleza tendo lenyewe kabla ya kulijadili. Moyo unaposimama, damu huacha kufika kwenye ubongo, na baada ya dakika chache tu ubongo huanza kudhurika. Mhudumu hubonyeza kifua cha mgonjwa kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha takribani sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima. Pengine mgonjwa huingizwa mpira kooni ili apumuliwe kwa mashine, na pengine moyo hushtuliwa kwa umeme. Mbavu zinaweza kuvunjika. Mapigo ya moyo yanaweza kurejea ilhali fahamu zisirejee kamwe. Wapo wanaonyanyuka na kurudi kwao, na wapo wengi wasionyanyuka.

Utaratibu wa kubonyeza kifua bila kukipasua ulielezwa katika jarida la kitabibu la Marekani mwaka wa 1960 na William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Johns Hopkins, Baltimore. Ulikusudiwa watu ambao mioyo yao ilisimama ghafla bila kutarajiwa, kwa mfano wakati wa upasuaji. Kwa kuwa haukuhitaji vifaa vingi, ulienea upesi, na punde si punde ukawa unatumiwa kwa takriban kila aliyefia hospitalini, akiwemo yule aliyefikia ukingoni mwa ugonjwa usio na tiba. Kufikia mwaka wa 1974, miongozo iliyochapishwa nchini Marekani ilikuwa ikisema bayana kwamba lengo la utaratibu huu ni kuzuia kifo cha ghafla kisichotarajiwa, si kuzuia kifo cha ugonjwa uliofika mwisho wake. Hapo ndipo lilipozaliwa agizo la kutorejesha mapigo ya moyo, na pamoja nalo swali ambalo halijaisha: ni nani mwenye haki ya kulitoa?

3.0 Haki ya Kuokolewa Katika Sheria za Kenya

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inamlinda mgonjwa wa dharura kwa njia mbili. Ibara ya 26 inatambua haki ya kila mtu ya kuishi, na Ibara ya 43(2) inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, katika kifungu cha 7, inafafanua kuwa matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, au kupanga apelekwe kwingine iwapo kituo alichofikia kwanza hakina uwezo. Kituo chenye uwezo kinachokosa kutoa huduma hiyo kinatenda kosa, na kinaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tatu.

Hata hivyo, haki iliyoandikwa si kitanda. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2015, miaka mitano baada ya Katiba kuidhinishwa, mwanamume aliyegongwa na gari jijini Nairobi alikaa ndani ya ambulensi kwa takribani saa 18 akisubiri nafasi katika chumba cha wagonjwa mahututi, na hatimaye akafariki. Kisa hicho kiliwashtua Wakenya kwa sababu hakuna aliyetamka kwamba mgonjwa yule asiokolewe. Kilichokosekana ni nafasi.

Kisa hiki kina funzo la kimaadili ambalo halina budi kutangulia mjadala wowote kuhusu kutorejesha uhai. Kauli "hakuna la kufanya" ina maana mbili katika Kiswahili cha wodini. Maana ya kwanza ni kwamba hakuna tiba itakayomfaa mgonjwa huyu hata vifaa vyote vikiwapo. Maana ya pili ni kwamba tiba ipo ila hapa haipatikani. Kauli ya kwanza ni hukumu ya kitabibu. Ya pili ni malalamiko kuhusu bajeti, mashine na umbali. Familia inayoambiwa kwa maneno yale yale katika hali zote mbili haina njia ya kujua kama inaombwa kukubali mauti au kukubali uhaba. Mhudumu mwadilifu hana budi kuzitenganisha kauli hizo, kwani anayeambiwa "hatuna kitanda" anaweza kutafuta kitanda kwingine, ilhali anayeambiwa "hakuna la kufanya" hurudi nyumbani kutafuta sanda.

4.0 Haki ya Kukataa

Sheria hiyohiyo ya Afya inatambua upande wa pili wa shilingi. Kifungu cha 8 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, na haki yake ya kukataa matibabu pamoja na athari za kukataa huko. Aidha, kifungu hicho kinaagiza maelezo hayo yatolewe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kisomo. Kwa wanaisimu, agizo hili si dogo. Linamaanisha kwamba uteuzi wa msamiati kando ya kitanda cha mgonjwa ni jambo lenye uzito wa kisheria.

Kifungu cha 9 kinaeleza ridhaa hutolewa na nani pale mgonjwa asipoweza kuitoa. Wa kwanza ni mtu aliyepewa mamlaka hayo na mgonjwa mwenyewe kwa maandishi, au aliyeruhusiwa na sheria au amri ya mahakama. Asipokuwapo, jamaa wa karibu anaweza kuitoa. Kisha kifungu kinataja hali ambazo ridhaa haihitajiki. Mojawapo ni pale mgonjwa anapotibiwa katika hali ya dharura. Nyingine ni pale kuchelewa kunapoweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebishika, mradi tu mgonjwa awe hajaikataa huduma hiyo kwa kauli, kwa ishara au kwa mwenendo.

Msomaji makini wa matini ataona mvutano hapa. Hali ya pili inamlinda aliyekwisha kukataa. Ya kwanza, ikisomwa peke yake, haimtaji. Je, mtu mzima aliyekataa mapema kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake, kisha akaletwa akiwa hana fahamu, anaongozwa na hali ipi? Vifungu vya sheria husomwa kwa pamoja, kila kimoja kikimulika kingine, na ni vigumu kuamini kwamba watunga sheria walitaka kukataa kwa mgonjwa kuheshimiwe akiwa macho na kupuuzwe mara anapozirai. Hata hivyo, Sheria ya Afya haitaji kwa jina agizo la kutorejesha mapigo ya moyo, wala haisemi liandikwe vipi na lidumu kwa muda gani. Wakati huohuo, Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 213, inamhesabu kuwa amesababisha kifo mtu ambaye kwa tendo au kwa kutotenda ameharakisha kifo cha mgonjwa ambaye ugonjwa wake ungemuua hata hivyo. Basi si ajabu kwamba daktari anayeyafikiria maneno hayo usiku wa manane huchagua kubonyeza kifua, hata pale anapojua kuwa haitasaidia.

Nchi nyingine zimepata mwanga kupitia mahakamani. Mwaka wa 1976, Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey nchini Marekani iliruhusu mashine ya kupumulia ya Karen Ann Quinlan, aliyekuwa amepoteza fahamu kwa muda mrefu, iondolewe kwa ombi la babake. Nchini Uingereza, mwaka wa 2014, Mahakama ya Rufaa iliamua katika kesi ya Janet Tracey kwamba kuweka agizo la kutorejesha mapigo ya moyo kwenye faili la mgonjwa bila kumshauri ni kukiuka haki yake, isipokuwa pale mashauriano yenyewe yangemdhuru. Mahakama haikusema kwamba mgonjwa anaweza kumlazimisha daktari atoe tiba isiyofaa. Ilisema kwamba hawezi kuamuliwa kimyakimya. Tofauti hii kati ya kuamua na kushauriana ina thamani kubwa hata kwa Kenya, japo uamuzi huo haufungi mahakama zake.

5.0 Tatizo la Istilahi

5.1 Kufufua, Kuhuisha, Kuzindua

Neno linalojitokeza haraka mdomoni ni "kufufua". Jozi ya fufua na fufuka iko kama ile ya okoa na okoka: tendo, kisha matokeo yaliyokamilika. Tatizo lake si la kimofolojia bali la kimaana. Kwa Mkristo, kufufuka ni kutoka kaburini. Kwa Mwislamu, kufufuliwa ni jambo la siku ya Kiyama. Katika matumizi yote mawili anayefufua ni Mwenyezi Mungu, naye hashindwi. Daktari anayesema "tutamfufua" basi anaahidi muujiza, na anayesema "hatutamfufua" anasikika kama mtu mwenye muujiza mkononi aliyeamua kuunyima. Hakuna familia inayoweza kutoa ridhaa ya haki juu ya kauli kama hiyo.

"Kuhuisha" lina heshima ya kitaaluma, lakini limezoeleka zaidi kwa mambo kama kuhuisha taarifa au kuhuisha utamaduni. Isitoshe, likinyambuliwa vibaya katika mazungumzo ya haraka hugongana na kauli ya mazoea ya "kuisha": anayesikia "dawa hii huisha" ataelewa kwamba dawa humalizika. "Kuzindua" nalo lina asili nzuri, kwani aliyezirai huzinduka. Ila aliyezirai hajasimama moyo, na kwa hivyo neno hili hupunguza uzito wa hali. Fauka ya hayo, kwa Mkenya wa leo kinachozinduliwa ni kitabu au mradi.

Hata "kurejesha uhai", istilahi iliyotumika katika anwani ya makala hii kwa upana wake, inaahidi zaidi ya inavyoweza kutimiza. "Kurejesha mapigo ya moyo" ndiyo kauli ya kweli kuliko zote. Inataja kinachotafutwa, na inaacha wazi uwezekano kwamba moyo utarejea bila mwenyewe kurejea.

5.2 Kujaribu na Kuacha

Waingereza na Wamarekani walipoona kwamba agizo lao la awali lilisikika kama ahadi iliyonyimwa, wengi wao waliongeza neno lenye maana ya kujaribu, ili ieleweke kwamba tendo hili huenda lisifaulu. Tafsiri sisisi ingezaa "asijaribiwe kufufuliwa". Kauli hii ingeleta balaa jipya, kwa sababu kujaribiwa katika Kiswahili ni kutiwa majaribuni. Huu ni mfano bayana wa istilahi ambayo haiwezi kuhamishwa neno kwa neno.

Kitenzi "kuacha" nacho kina hatari yake. "Tumwache" inaweza kumaanisha tusimsumbue, na inaweza kumaanisha tumtelekeze. Kimaadili, agizo la kutorejesha mapigo ya moyo halihusu ila tendo moja tu. Dawa ya maumivu, maji, usafi, kugeuzwa kitandani na maneno ya faraja vinabaki kuwa haki ya mgonjwa. Huduma ya kutuliza maumivu ya wagonjwa wasiopona, ambayo Nairobi Hospice imekuwa ikiitoa tangu mwaka wa 1990, imejengwa juu ya msingi huohuo. Kwa hiyo agizo lolote linaloandikwa kwa Kiswahili halina budi kutaja kinachoendelea kabla ya kutaja kinachokomeshwa.

5.3 Idhini na Ridhaa

Fomu nyingi huzungumzia idhini. Idhini ni ruhusa, na mwenye kuitoa ana mamlaka juu ya jambo. Ridhaa inatokana na kuridhika; ni hali ya moyo uliotulia baada ya kuelewa. Mtu anaweza kutoa idhini bila kuridhia, mathalani mke anayetia sahihi kwa sababu shemeji zake wamesimama nyuma yake. Sheria inapodai ridhaa yenye ufahamu, inadai hili la pili.

5.4 Dharura na Ajali

Maneno mawili ya msamiati huu yana hekima iliyosahaulika. "Dharura" katika fikra za sheria ya Kiislamu ni hali ya lazima inayohalalisha lile ambalo kwa kawaida lisingehalalika. Ndivyo hasa sheria ya kisasa inavyoitazama: kumgusa mtu bila ridhaa yake ni kosa, ila dharura huliondoa kosa hilo. Lakini lililohalalishwa na dharura hukoma pamoja na dharura. Kumbonyeza kifua mgonjwa asiyejulikana ni sawa. Kuendelea kumtia mashine baada ya kufahamika kwamba alikwisha kukataa ni jambo jingine. "Ajali" nayo, kabla ya kuwa jina la mgongano wa magari, ilimaanisha muda wa mtu uliokadiriwa. Lugha ilikwisha kukubali kwamba kuna wakati wa kupambana na kuna wakati wa kukubali. Kinachohitajika ni kuzitambua nyakati hizo.

6.0 Mfano wa Mazungumzo

Tofauti ya istilahi huonekana vyema katika usemi. Chukulia kwamba muuguzi anazungumza na mke wa mgonjwa wa saratani. Usemi wa kwanza ni huu:

"Mama, utie sahihi hapa kwamba mzee asifufuliwe."

Usemi wa pili ni huu:

"Mama, mzee ni mgonjwa sana, na ugonjwa wenyewe hauna tena dawa ya kuuondoa. Moyo wake ukisimama, tunaweza kumbonyeza kifua na kumtia mpira kooni, lakini hilo halitamwondolea ugonjwa, na huenda likamzidishia maumivu. Tusipofanya hivyo, bado tutampa dawa ya maumivu, tutamgeuza, tutamwosha, na hatutamwacha peke yake. Mama, mzee mwenyewe aliwahi kusema angependa nini?"

Usemi wa kwanza ni mfupi na unaokoa muda. Hata hivyo, unamfanya mama awe hakimu wa uhai wa mumewe, na hukumu hiyo ataibeba hadi kaburini kwake. Usemi wa pili unamfanya shahidi. Haulizwi yeye anataka nini. Anaulizwa mgonjwa alisema nini. Kiambishi "-ki-" cha masharti, kielezi "huenda" na kauli "tunaweza" vinaiweka hali ya shaka mahali pake, bila ahadi na bila vitisho. Aidha, swali la mwisho linaafikiana na mpangilio wa kifungu cha 9, ambapo neno la mgonjwa mwenyewe hutangulia neno la jamaa.

Yamkini wapo watakaosema kwamba katika dharura hapana nafasi ya hotuba ndefu kama hiyo. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba mazungumzo haya si ya dakika ile. Ni ya wiki au siku zilizotangulia, wakati mgonjwa angali anazungumza. Pale ambapo hayakufanyika, na matakwa ya mgonjwa hayajulikani, mhudumu aanze kazi, kwani kosa la kumwokoa asiyetaka ni jepesi kuliko kosa la kumwacha aliyetaka. Wengine watasema kwamba kumtajia mgonjwa kifo ni kumwitia kifo. Hofu hii ipo katika jamii nyingi za Kenya na haifai kudharauliwa. Lakini wazee wa jamii hizohizo huusia kuhusu mashamba, madeni na mahali pa kuzikwa wakiwa hai. Anayeweza kuusia atakavyozikwa anaweza pia kuusia atakavyouguzwa.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba sheria za Kenya zinampa mgonjwa haki mbili, ya kuokolewa na ya kukataa, bila kueleza kikamilifu zinavyokutana pale moyo unaposimama. Pengo hilo huzibwa kila siku na mazungumzo ya haraka kando ya vitanda, mengi yakiwa kwa Kiswahili, ilhali Sheria ya Afya yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, wizara husika na mabaraza ya taaluma za afya yaandae fomu ya Kiswahili inayotumia "kurejesha mapigo ya moyo" badala ya "kufufua", na inayoorodhesha huduma zinazoendelea kabla ya ile inayokomeshwa. Pili, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zishirikiane na vitivo vya tiba na uuguzi kuyapima maneno haya kwa wanaoyatumia. Kamusi ya Tiba ya iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni ushahidi kwamba kazi ya aina hii inawezekana, ingawa istilahi ya kamusini haijawa ya wodini mpaka muuguzi aitamke na mgonjwa aielewe. Tatu, Bunge lieleze kinagaubaga namna mtu anavyoweza kuandika mapema matakwa yake, ili mhudumu anayeyatii asihofu kifungu cha 213.

Methali iliyotajwa mwanzoni haijapitwa na wakati. Mgonjwa asiyeweza kujibu haulizwi uji, hunyweshwa. Ila yule anayeweza kujibu aulizwe, kwa Kiswahili anachokielewa, angali na sauti ya kusema ndiyo au la.